Mlima wa Velji

Mchana alikuwa mwandishi wa mabango:
duka la leso, kinyozi wa Mwembe Tayari,
"Leo taslimu, kesho mkopo" kwa nyekundu yenye kivuli cheusi,
herufi zimenenepa kama vitumbua vya Ramadhani.
Wenye maduka walimlipa shingo upande.
Usiku alichora miungu.

Mimi nilikuwa mwosha brashi.
Miaka kumi na mmoja, natoka chuoni kwa Maalim Shee,
wino haujakauka kidoleni,
naingia hekaluni kwa mlango wa nyuma, uchochoro wa Bondeni,
natoka nikinuka tapentaini hadi kwenye kofia.
Mama alinusa, akanyamaza.
Shilingi mbili ni shilingi mbili.

"Nyuso ni zangu," Velji aliniambia.
"Dini yako naijua. Wewe chora majani."

Basi nikachora majani.

Ukuta wa mashariki ulikuwa wa yule mwenye mkia,
ambaye jina lake sikuthubutu kulitaja nyumbani.
Velji alinihadithia, brashi ameiuma menoni:
vita vimepamba moto, nduguye bwana wake yu chini,
tabibu anataka jani moja, kutoka mlimani, kabla ya alfajiri.
Akaruka. Akafika. Mlima mzima ni majani,
naye nyani, majani ajuayo ni ya kula tu.
"Akafanyaje?"
"Akaung'oa mlima."
Nilicheka hata nikamwaga kopo la kijani.

Mwaka ule Jamnaben, mkewe, aliota uvimbe tumboni.
Daktari wa kwanza alisema hivi, wa pili akasema vile.
Mtaa ukaingia, kama mtaa uingiavyo:
Bi Rukiya na mkilifi ndani ya pindo la leso,
Kadzo muuza mchicha na mizizi ya kwao Kaloleni
asiyotaka kuitaja jina,
sonara wa jirani na manjano mabichi,
mama yangu na mrehani,
amekwisha usomea alichousomea.
Velji alipokea yote. Alichemsha yote.
Na kila jani, kabla halijaingia sufuriani,
alilileta ukutani.
"Hili. Mishipa yake yote."

Mlima ukanenepa. Wakubwa wa hekalu wakaguna:
mlima wa theluji, mpapai unatafuta nini?
Mchaichai je?
Velji hakugeuka, mkono uko kwenye mkia:
"Aliyeubeba hakuchagua.
Mimi nichague, najua nini?"

Jamnaben alikufa Jumanne, adhana ya alfajiri bado.

Nilidhani ataufuta.
Alikaa siku kumi na tatu, kichwa kimenyolewa,
ya kumi na nne akanigongea dirisha.
Uso ulikuwa haujachorwa, ule wa mwenye mkia.
Akauchora siku moja, bila kula.
Haukuwa wa shujaa. Ulikuwa wa mtu aliyetoka mbali mbio,
mashavu yamejaa pumzi,
macho yanauliza walio chini: nimewahi?

Siku ile brashi aliosha mwenyewe.

Sasa mabango hutoka kwenye mashine, kwa mita,
na herufi zake zimekonda zote sawasawa.
Juzi nilipita uchochoroni, bawabu akaniruhusu nivue viatu.
Wamebandika vigae hadi usawa wa kifua, na taa za buluu.
Mlima umebaki nusu.
Chini ya kiwiko chake kuna tawi la mkilifi,
jani moja mshipa wake umeishia njiani:
jioni ile mama aliniita, nikaliacha.
Nilinyoosha kidole. Sikuligusa.

"Mzee, wapoteza nini hapo?" bawabu akauliza.
"Natafuta jani."
"Lipi?"

Hapo nikakwama.